Siku yangu moja ya kuandika faini, na gari nisiloliweza

Saa 11 na nusu alfajiri alamu inalia, nje giza na baridi ile ya kuingia mpaka kwenye kucha. Mimi mtu wa Tanga jamani, mwaka wa nne huu naandikia magari faini kwenye mji mmoja wa Uingereza, nje ya London, na hiyo "nje ya London" muishike vizuri maana maudhi yangu yote yanaanzia hapo.

Saa 1 na nusu niko ofisini. Nilivyoanza tulikuwa kumi na mmoja, sa hivi tuko sita, mtu akiacha kazi hawaweki mwingine. Kaunsili, yani halmashauri ya mji, haina hela, na si yetu tu, Birmingham si walitangaza kabisa 2023 kwamba bajeti imewashinda, Croydon walishatangulia 2020. Sisi hatujafika huko ila maktaba inafunguliwa siku tatu kwa wiki, na leo nimepewa mitaa ambayo zamani walikuwa wanaigawana watu wawili. Haya.

Saa 2 na nusu shuleni, wazazi wanapaki juu ya zigizaga za njano, ile michoro ya kukataza gari kusimama, "dakika moja tu, dakika moja tu". Ndo kila siku.

Saa 4 mtaa wa maduka, paki ya saa moja bure. Hapa huwa tunaandika valvu ya tairi imekaa wapi, ya mbele na ya nyuma, kama mishale ya saa, ili mtu asije akasema aliondoka akarudi. Wiki yangu ya kwanza valvu ilikuwa kwenye 3, na mimi kichwani mshale ukikaa kwenye 3 si ni saa tisa, nikaandika 9. Mwenye gari akakata rufaa akashinda. Mpaka leo wenzangu wakiniona wananiuliza saa ngapi.

Saa 5 kasoro ndo nikamkuta huyo. Vani nyeupe, tairi mbili barabarani mbili juu ya njia ya waenda kwa miguu, imebana mpaka kwenye ua wa watu, kimebaki kinafasi cha paka. Na pale chini vigae vimepasuka kwa uzito wa haya haya magari, kimoja kimelegea, ukikikanyaga kinakutemea maji machafu mguuni, mafundi wa kaunsili walikizungushia rangi nyeupe kama alama ya kuja kutengeneza, rangi imeanza kufutika na kigae kiko vile vile. Nimesimama nacheki kama kuna mstari wa njano wa kukataza kupaki, manake ukiwepo basi hata gari likiwa juu ya njia naliandikia, au likiziba ule mteremko wa kuvukia. Hakuna mstari, hakuna mteremko.

Afu nikasikia tk tk tk. Mzee mmoja haoni, namjua, anapita hapa kila siku na fimbo yake nyeupe. Tk tk tk, afu dong, bati la vani. Akasimama. Nikamsalimia akaijua sauti yangu, nikampa kiwiko (usimshike wewe, yeye ndo anakushika, alinifundisha mwenyewe), tukashuka barabarani, basi linatusubiri nyuma, dereva anatuangalia, tukazunguka tukapanda upande wa pili.

"Umeliandikia?" akaniuliza.

"Siwezi mzee, hapa hakuna mstari."

"Si ndiyo kazi yako?"

Nikakosa jibu. Ningemwambia nini, kwamba London kupaki juu ya njia ya miguu ni marufuku tangu 1974, kwamba Scotland tangu Desemba 2023 faini yake ni pauni 100, na sisi huku serikali iliuliza watu maoni 2020 kama tupewe mamlaka ya kuyaandikia, na mtaani kwangu mamlaka hayo sijayaona mpaka leo? Gari likizuia njia hivi huku ni kesi ya polisi. Nikapiga 101, namba ya polisi ya mambo yasiyo ya dharura, nikasikiliza muziki wee, mwishoni wakachukua maelezo. Tanga vijana wangeshalinyanyua wakaliweka pembeni, tena wanacheka.

Saa 7 nimekaa na chapati zangu za jana nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, afu "bado unakamata magari ya watu?" Mama anaona aibu kidogo, majirani kawaambia niko serikalini.

Saa 8 na nusu jamaa kanifuata mtaa mzima anapiga kelele, nyie mmefilisika sasa mnaziba shimo la bajeti kwa mifuko yetu. Yani faini yenyewe pauni 70, ukilipa ndani ya siku 14 ni 35, na sheria ya 1984 inasema ziada ya hela za paki iende kwenye barabara na usafiri, haiwezi kwenda kufungua maktaba. Sikumwambia, mtu akishafura humwambii sheria. Kamera ya kifuani nikaiwasha, akapunguza sauti. Ila kusema kweli nusu ya hasira zake ninazo mimi, tena zaidi, maana huyu kanitukana kwa faini niliyoandika na asubuhi nimeaibika kwa ile nisiyoweza kuandika.

Saa 10 nikapita tena pale. Vani haipo. Kigae cha pili kimepasuka.

Saa 12 jioni nafika kwangu na mifuko ya sokoni mikono yote miwili, nakuta gari limepanda juu ya njia mbele ya nyumba, tairi mbili. Gari letu. Mume wangu yuko mlangoni anachekelea, "barabara nyembamba bwana, zimamoto watapitaje? Na hapa si hakuna mstari?"

Nikaweka mifuko chini, nikasimama kwenye nafasi iliyobaki nikanyoosha viwiko. Cha kulia kikagusa kioo cha gari, cha kushoto ukuta.

Wali umepoa tunamsubiri. Nafasi kaipata mtaa wa tatu.