Kunuka na kunukia

"Mbona huu unanuka, shemeji?"

"Mvinyo haunuki, Shem. Unanukia. Utazoea."

Mtoto kamaliza mitihani, kazini wametuhamisha ghorofa, na mimi bado nimekwama kwenye hilo neno "utazoea" nililomjibu.

Maana Shem alikuwa sahihi. Asubuhi niliinusa ile chupa: boksi lililolowa, tambara la deki lililolala kwenye ndoo. Ni kizibo. Kuna kemikali iitwayo TCA ambayo ukungu huitengeneza ndani ya gome la kizibo, na nanogramu chache tu kwa lita zinatosha kuzima harufu yote ya matunda. Haimdhuru mnywaji. Ila usidanganyike kwamba ukiuacha upigwe na hewa utapona; uvundo ndio kwanza unapanda. Wala kunusa kizibo chenyewe hakukwambii mengi. Nusa mvinyo.

Kile kidogo anachomiminiwa mwenye meza kwanza hotelini ni cha kazi hiyo hiyo: kukagua kama chupa ni nzima, si kuulizwa kama umeupenda. Mimi nilimjazia Shem glasi karibu na ukingo, kisha nikamsahihisha Kiswahili. "Unanukia"! Glasi ijazwe theluthi tu, ili harufu ipate pa kukaa. Chupa ya mililita 750 ni glasi tano za 150. Kwa kuonja, 50 zinatosha.

Jumapili Shem akaja tena, bila kinyongo, tukafungua nyingine. Ncha ya kizibuo katikati, zungusha, bakiza mzunguko mmoja usitoboe chini, la sivyo vipande vinaelea kwenye glasi. Tukainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe kutazama rangi ya ukingoni. Tukanusa kabla ya kuzungusha, tukazungusha glasi ikiwa mezani, tukanusa tena. Halafu funda dogo, lizunguke mdomo mzima, na kulitema si ufedhuli.

Nilimwambia asihangaike kutafuta majina ya matunda. Asikilize mdomo: mate yakijaa pembeni mwa ulimi, huo ni uchachu, fizi zikikauka kama umekunywa chai kali ya rangi, huo ni ukakasi wa tanini, ile ya kwenye maganda ya zabibu, koo likipata moto, ni kilevi.

"Moto upo," akasema. Kweli. Chumba kilikuwa na joto, na mvinyo mwekundu unataka nyuzi 15 hadi 18; ukizidi hapo kilevi kinachoma pua. Tukauweka kwenye friji nusu saa. Si zaidi, maana baridi kali huficha harufu na kuukoleza ukakasi. Huo wa nyuzi 8 hadi 12 ni mweupe.

Akanusa. Akanyamaza. Akanusa tena.

"Huu sawa, shemeji."

Nikacheka peke yangu jikoni nikiosha glasi.