Redio Ilipokoroma Baada ya Chalinze

Basi la Tanga lilipoipita Chalinze, redio ya dereva ikaanza kukoroma. Konda akahangaika nayo: 98, 101, 104, kote mkwaruzo mtupu. Abiria wakapiga kelele aizime. Mimi nikamwomba aiache kidogo.

Mzee niliyeketi naye, mvuvi wa Tanga, akanigeukia. "Mwanangu, wasikiza nini humo?"

Kulieleza jambo hilo ndani ya basi ni kazi. Gesi ya haidrojeni hutoa wimbi la redio la sentimita 21, megahezi 1420. Lile lililotoka nyota za kwanza zilipokuwa zinawaka limekuwa njiani zaidi ya miaka bilioni 13, na kwa kuwa ulimwengu unatanuka, nalo limerefuka. Leo linafika na mita tatu hivi, megahezi 100. Humo humo kwenye FM! Ila redio ya basi hailipati ng'o. Kelele za galaksi yetu zinalizidi mara maelfu.

"Na likipatikana, iwe nini?"

Nikaanzia kwenye bamvua. Kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hujaa na kupwa kupita kiasi, hilo angenifundisha yeye; ni kazi ya uvutano wa mwezi na jua. Einstein alitoa maelezo yake ya uvutano mwaka 1915, na kwa sayari na jua yamesimama imara. Je, na kule mwanzoni? Kama uvutano ulikuwa na nguvu zaidi ya alivyosema, gesi ilijikusanya mapema, nyota zikawahi kuwaka, na alama yao katika wimbi hilo, kwa kuwa limerefuka zaidi njiani, tutaikuta chini zaidi, tuseme 80 badala ya 100. Namba ya stesheni ndiyo tarehe. (Nyota nazo zaweza kuwahi kwa sababu zao wenyewe, na hapo ndipo wataalamu wanapoumiza kichwa.)

Mwaka 2018 antena moja iliyowekwa Australia ilidai kuiona alama hiyo kwenye 78. Wahindi wakaitafuta kwa antena iliyoelea ziwani, maana maji chini yake yako sawasawa kuliko udongo. Mwaka 2022 wakatangaza hawakuiona.

"Majini!" Mzee akapiga paja. "Hao ndio wenye akili."

Segera tukakata kulia. Muheza akanunua machungwa, akanimenyea moja bila kuniuliza. Redio ikarudi ghafla, taarabu juu kabisa.

"We konda," mzee akapaza sauti, "punguza hiyo, twazungumza."