Siku ya kwanza Bangkok mkiwa wawili: mtoni asubuhi, Yaowarat usiku

Siku yetu ya kwanza Bangkok, mimi na mume wangu tuliipanga kwa kufuata jua na mto. Wengi huanza na orodha ya vivutio, wakajikuta saa saba mchana wako kwenye foleni juani, na jioni, chakula kinapoanza kunoga mitaani, wao wako hotelini hoi. Sisi tulikwenda Jumba la Kifalme lilipofunguliwa tu, hekalu la Wat Pho kabla ya adhuhuri, mchana tukala na kulala, alasiri tukavuka mto, usiku tukaingia Yaowarat, mtaa wa Wachina. Saa ninazotaja humu ni za Kiswahili ila ni za kule. Thailand iko mbele yetu kwa saa nne, kwa hiyo saa mbili asubuhi ya Bangkok ni saa kumi alfajiri ya Dar na Nairobi. Usiku mtakuwa macho bila taabu. Kazi ni kuamka.

Kwanza ya uwanja wa ndege, kwa ufupi. Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo hupita dawati la afya na kadi ya homa ya manjano kabla ya kwenda uhamiaji. Ukiunga foleni ya uhamiaji bila kupita pale, unarudishwa nyuma. Chanjo iwe imetimiza siku 10. Tangu Mei 2025 kuna pia fomu ya kuingia nchini inayojazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni ya bure, kwa hiyo tovuti ikikudai hela, funga. Shilingi usitegemee kubadilisha, beba dola, na ziwe noti za 100 safi zisizo na mikunjo wala maandishi, kwa sababu noti ndogo hupewa bei ya chini. Pale uwanjani Suvarnabhumi vibanda vya ukumbi wa kuwasili bei zake mbaya. Shuka ghorofa ya chini kabisa, karibu na treni, uone tofauti. Mashine za ATM hukata baht (fedha ya Thailand) 220 au zaidi kila unapotoa kwa kadi ya nje, kwa hiyo ukilazimika kutoa, toa za kutosha kwa mara moja. Treni ya kwenda mjini hadi Phaya Thai ni baht 45 na haifiki hata nusu saa.

Sasa mto. Shukeni kituo cha Saphan Taksin cha BTS, treni ya juu ya mjini, teremkeni ngazi za upande wa mto, gati la Sathorn liko hapo hapo chini ya daraja. Muwe pale saa mbili kasorobo. Boti zitakazowahusu ni za aina mbili na watu huchanganywa makusudi. Yenye bendera ya rangi ya chungwa ni ya wananchi, baht 16 popote unaposhukia. Ya bluu ni ya watalii, nauli yake inapita mara mbili ya hiyo, na ndiyo yenye wapiga debe wenye vipaza sauti. Tembeeni wawapite, ulizeni meza ya chungwa. Boti haifungwi gatini: kondakta anapiga filimbi, nahodha anarudisha nyuma mpaka ubavu unagusa matairi, mnapanda kwa nyuma, na ndani ya sekunde chache imeondoka. Sogeeni mlangoni kituo kimoja kabla ya chenu. Sehemu ya nyuma huachiwa watawa wa Kibuddha, wale wenye joho la rangi ya zafarani. Mwanamke haruhusiwi kuwagusa hata kwa bahati mbaya, kwa hiyo pakijaa mume asimame katikati.

Mnashuka gati la Tha Chang. Kutoka gatini hadi lango la Jumba la Kifalme ni mwendo wa dakika tano, na katika dakika hizo tano ndipo mtakapokutana na bwana nadhifu mwenye Kiingereza kizuri atakayewaambia leo pamefungwa kwa sikukuu ya kidini, ila yeye anajua bajaji itakayowazungusha mahekalu mengine kwa baht 20 tu. Bajaji hiyo inaishia duka la vito au la fundi suti, dereva anapata kamisheni yake, na ninyi mnatumia saa mbili kukataa rubi. (Mtu aliyezaliwa nchi ya tanzanaiti apelekwe Bangkok kuuziwa jiwe na dereva wa bajaji!) Jibu ni moja: tabasamu, usisimame, nenda mpaka dirisha la tiketi ulione kwa macho yako.

Tiketi ni baht 500 kwa mgeni, na wengi wanaokwama hukwama kwa mavazi. Bega wazi, kaptula, sketi iliyopanda juu ya goti, suruali ya kubana au iliyochanwa, vyote vinarudishwa mlangoni. Mtandio uliotupiwa juu ya blauzi isiyo na mikono mara nyingi hukataliwa, wanataka nguo yenye mkono wake. Mimi nilivaa shati la pamba lenye mikono na nikafunga kanga kiunoni juu ya suruali nyepesi, ikapita bila neno. Buibui na hijabu havina tatizo. Mwanamume suruali ndefu, basi. Wauza suruali zenye picha za tembo walio nje ya lango wanaishi kwa waliosahau.

Ndani, msianze na picha. Nendeni kwanza kwenye ukumbi wa Buddha wa Zumaridi, maana kufikia saa nne makundi ya mabasi yanakuwa yamejaza ngazi. Sanamu yenyewe, ambayo ni ya jedi na si zumaridi, ina urefu wa sentimita 66 tu na imewekwa juu sana. Asiyeambiwa anaweza kutoka bila kuiona. Mfalme huibadilishia mavazi ya dhahabu mara tatu kwa mwaka, majira ya joto, ya mvua na ya baridi yanapoingia. Viatu vinaachwa nje (vaeni vya kuvuliwa bila kamba, mtavivua tena na tena), picha haziruhusiwi, na mkikaa chini kunjeni miguu nyuma, nyayo zisielekee sanamu. Ukitoka hapo, zunguka ukumbi wa ukingoni wenye michoro 178 ya Ramakien, hadithi ya Rama kwa namna ya Kithai. Kuna kivuli mwendo wote, na kwangu ndicho kitu bora cha eneo zima. Majengo ya kifalme yaliyobaki, jiji hili likiwa limeanzishwa na mfalme Rama wa Kwanza mwaka 1782, yanatosheka kwa nusu saa.

Wat Pho iko kusini tu mwa ukuta wa jumba, dakika kumi kwa miguu, baht 300. Buddha aliyelala ana mita 46 kwa urefu na 15 kwenda juu, na jengo limembana kiasi kwamba kamera haimpati mzima. Simameni upande wa miguu: nyayo zina alama 108 zilizotiwa kwa lulumizi. Nyuma yake kuna safu ya mabakuli 108 ya shaba. Kwa baht 20 unapewa sarafu ndogo, unadondosha moja moja, na mlio wake unajaza jengo. Hapo hapo ipo shule maarufu ya kukanda mwili kwa Kithai, sanaa ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2019. Andikisheni majina mkifika, mzunguke, mrudi zamu yenu ikikaribia. Ukingoja kumaliza kutembea ndipo uandikishe, foleni itakula mchana wako.

Chakula cha mchana tulikula soko la Wang Lang, ng'ambo ya mto karibu na hospitali ya Siriraj, ambako wanaokula ni wauguzi na wanafunzi. Hapo agizeni som tam, saladi ya papai bichi, na msimame mumwangalie anayetengeneza. Kinu ni cha udongo, kirefu, na mchi ni wa mti. Anaanza na kitunguu saumu na pilipili kichaa, anavipondaponda. Sukari ya mnazi inafuata, kisha maganda ya kunde yaliyokatwa, nyanya, uduvi, karanga, ndimu na mchuzi wa samaki waliochachushwa. Papai lililochanwa nyuzinyuzi linaingia mwisho, na hapo mkono unabadilika: mchi unagonga taratibu huku mkono wa pili ukigeuza kwa kijiko, ili papai linyonye mchuzi bila kupondeka. Pilipili zinahesabiwa mbele yako. Onyesha kidole kimoja. Asiyesema kitu anaweza kupata nne au tano, na pilipili ikishapondwa haitoki tena. Som tam huliwa na wali wa kunata, unaokuja kwenye kikapu kidogo au mfuko. Unaumega kwa mkono, unafinyanga tonge kama la ugali na kuchovya.

Kwa wasiokula nguruwe, tahadhari: yumo hata pale usipomtarajia, kwenye supu na mafuta ya kukaangia. "Mai sai mu" maana yake usiweke nguruwe, lakini sufuria ni ile ile. Mwislamu aangalie nembo ya halali, au ale mchana mtaa wa Charoen Krung, kichochoro cha 36, karibu na msikiti wa Haroon. Agiza khao mok gai, biriani yao ya kuku, wali wa manjano na kachumbari ya tango na mchuzi wa kijani wa mnanaa na pilipili. Mtaa wa Sukhumvit, kichochoro cha 3, nako vyakula vya Kiarabu vimejaa mpaka usiku.

Halafu lala. Kweli, lala. Wa Dar na Mombasa mtadhani mnaliweza joto hilo. Unyevu mnaujua, ila lami na moshi wa katikati ya jiji ni habari nyingine, na wa Iringa au Nairobi wasijaribu. Maji kunyweni kabla ya kiu. Barafu ya vipande vya mviringo vyenye tundu ni ya kiwandani, haina shida.

Saa kumi alasiri tulipanda MRT, treni ya chini ya ardhi, hadi Sanam Chai (unagusa kadi ya benki getini, huhitaji tiketi), tukatembea hadi gati la Tha Tien na kuvuka kwa kivuko cha baht 5 hadi hekalu la Wat Arun, baht 200. Mnara umepambwa kwa vipande vya vyombo vya kauri vya Kichina, maua kwa maua. Aliyewahi kuona makaburi ya nguzo ya Kunduchi, yaliyopachikwa sahani za Kichina, atasimama hapo muda mrefu. Ngazi ni za mwinuko mkali, shukeni mmeshika kamba. Jua huzama nyuma ya mnara, kwa hiyo picha ya machweo hupigwa kutoka Tha Tien, baada ya kurudi. Saa kumi na mbili kamili wimbo wa taifa hupigwa vituoni na kwenye bustani. Kila mtu anasimama. Na wewe simama.

Kutoka Sanam Chai, kituo cha pili ni Wat Mangkon, mlango wa Yaowarat. Isiwe Jumatatu, vibanda vingi vya barabarani hupumzika. Faida ya kuwa wawili inaonekana hapa: sahani moja, vijiko viwili, kisha kibanda kinachofuata. Mkila sahani nzima kila mtu mahali pa kwanza, mmemaliza safari. Sisi tulianza na chaza waliokaangwa na mayai na unga (omba waliokaangwa mpaka wakakauka, "krop"), tukaenda kwenye kamba wa kuchoma, tukapumzika kwa juisi ya komamanga. Tulimalizia na vidonge vya unga wa mchele vilivyojazwa ufuta mweusi ndani ya maji ya moto ya tangawizi, na embe na wali wa kunata uliomwagiwa tui. Sahani nyingi ni baht 60 hadi 150. Kamba na samaki wa kupimwa kwa kilo ndiko bili zinakopaa: uliza bei ya kilo na uzito kabla hajaingia motoni. Makopo manne mezani ni sukari, pilipili ya unga, siki yenye pilipili, na mchuzi wa samaki; onja kwanza, ndipo utie. Wenyeji hula kwa kijiko, uma ni wa kusukumia tu.

Kwa siku nzima, viingilio vya wawili ni baht 2,000, na nauli na chakula vinaongeza kama 1,200, bila kukandwa. MRT inafungwa karibu na saa sita usiku. Mkichelewa, msiite gari mkiwa Yaowarat kwenyewe, maana barabara ni ya upande mmoja na haisogei. Tembeeni hadi Charoen Krung, mtaa wa nyuma, ndipo mfungue Bolt.