Ukurutu Ukishaingia Bakteria

Mwanangu ana ukurutu, ule ambao wengi huuita pumu ya ngozi, na mikunjo ya viwiko ndiyo humsumbua zaidi. Miwasho tumeizoea. Kinachonishtua ni ngozi inapoanza kutoa majimaji, kisha yakakauka na kuwa magamba ya rangi ya asali. Hapo najua bakteria wameingia, mara nyingi Staphylococcus aureus, ambaye hustawi kwenye ngozi iliyochubuka kwa kukunwa.

Krimu anayoandikiwa na daktari huwa na dawa mbili ndani ya tyubu moja: asidi ya fusidiki ya kupambana na bakteria, na haidrokotisoni, steroidi ya kutuliza uvimbe. Zote zina kazi. Ukiua bakteria tu, ngozi inabaki imewaka na mtoto anaendelea kujikuna. Ukipaka steroidi peke yake, maambukizi yanabaki palepale.

Kwanza nalowesha magamba kwa maji ya vuguvugu yalainike, nayapangusa taratibu bila kuyabandua kwa nguvu. Kisha nakamua krimu kwenye kidole changu, kuanzia ncha hadi kiungo cha kwanza: hiyo hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Hatupitishi wiki 2, maana bakteria huweza kuwa sugu. Mafuta ya kulainisha ngozi hayakomi, hata ngozi ikiwa safi kabisa.

Jamani, vikitokea vilengelenge vyenye maumivu, vinasambaa haraka na mtoto ana homa, msitegemee tyubu. Huenda ni virusi vya herpesi, na anatakiwa kuonwa na daktari siku hiyohiyo.