Jinsi tulivyowaingiza majirani kwenye maonyesho ya picha Bagamoyo

Bagamoyo picha ni nyingi. Ukipita Mji Mkongwe kuelekea soko la samaki utazikuta zimeegemezwa kutani: Wamasai warefu mbele ya jua jekundu, tembo, twiga, mibuyu. Chuo cha sanaa kilianza hapa mwaka 1981, ndicho kinachoitwa TaSUBa leo, na wachoraji wengi wamehamia mjini kwa sababu hiyo. Ila mwenyeji wa Dunda au Magomeni huzipita picha hizo kama anavyopita mbele ya hoteli. Ni mambo ya wageni.

Mimi na wenzangu tunaangalia chumba kidogo cha maonyesho cha jamii, na tulitaka siku moja kijae watu wa mji wenyewe. Tulifanikiwa. Naeleza tulivyofanya, maana najua wapo wengine wenye chumba na wachoraji lakini watazamaji hawana.

Tulianza na kinachochorwa. Tuliwaomba wachoraji waache stoo picha zao za kila siku, wachore mji: mnada wa samaki, mafundi wa majahazi, mama wakikaanga pweza jioni, milango ya nakshi. Baadhi walinung'unika. Mmasai ana mnunuzi, mnada wa samaki nani ataununua? Hoja hiyo ina uzito, mtu analisha watoto kwa brashi. Tukakubaliana kwamba chumba cha ndani kila mmoja atakuwa na nafasi ya picha zake za kawaida, na kwamba kila atakayechora mji achore pia vipande vidogo vya bei ya chini.

Jambo jingine lilihitaji busara. Mji wetu una Waislamu wengi, na wapo wazee wasioridhia picha za viumbe. Sikuona sababu ya kubishana nao wala ya kuwaacha nje. Ukuta wa kwanza, ule unaouona ukivuka kizingiti, tuliupa milango, mashua, bahari na maumbo ya nakshi. Picha za watu tuliziweka chumba cha ndani. Aliyetaka kuishia ukuta wa kwanza aliishia hapo, akanywa kahawa yake, akaenda zake kwa heshima. Wengi waliendelea mpaka ndani.

Kutundika kulitupa kazi kuliko yote. Kuta za nyumba za zamani ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukipigilia msumari chokaa inamomonyoka na msumari unatoka na kipande cha ukuta. Tena majengo haya yana wenyewe, watu wa Mambo ya Kale, idara ya serikali inayotunza majengo ya zamani, kwa hiyo drili hatukuifikiria kabisa. Seremala akafunga mbao nyembamba juu, boriti hadi boriti, na picha zikaning'inia kwa mshipi wa nailoni, uleule wa kuvulia. Kwa mbali hauonekani, haushiki kutu kwa chumvi ya bahari kama waya, na fundo lake kila kijana wa pwani analijua. Katikati ya kila picha, iwe kubwa au ndogo, tulikuweka sentimita 145 kutoka sakafuni, kwa futi na pima maji. Makumbusho nyingi huchukua kati ya 145 na 155. Sisi tulitaka watoto nao waone.

Nyuma ya kila picha tulibandika vipande vya kandambili chakavu kwenye pembe ili isigusane na ukuta. Kuta za chokaa zina unyevu, hasa baada ya masika, na silingi bodi, ile wanayochorea wachoraji, ikilala juu ya ukuta wa namna hiyo huota ukungu haraka. Taa nazo zina mambo yake. Rangi ya mafuta hung'aa, na taa ikiipiga kutoka mbele, mtazamaji anaona balbu badala ya picha. Tulizipandisha taa karibu na dari, zikainama kiasi cha nyuzi 30. Hapo mng'ao ukaanguka sakafuni.

Maandishi yote yalikuwa ya Kiswahili, herufi kubwa, bei kwa shilingi. Mimi naliona hili kuwa kubwa kuliko taa na mbao. Bei ya dola peke yake inamwambia jirani kwamba hakualikwa. Ukutani tuliweka pia maelezo mafupi ya wachoraji waliowatangulia hawa wetu: Edward Saidi Tingatinga, mtu wa upande wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, picha zake zikiuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, hadi alipouawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Na George Lilanga, aliyekuwa mlinzi wa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, kabla kazi zake hazijajulikana duniani. Vijana wa bodaboda walisimama mbele ya karatasi hiyo ya Lilanga muda mrefu, mmoja akiwasomea wenzake kwa sauti.

Kualika tulialika kwa miguu. Tulipita barazani, kwa wajumbe, kwenye vijiwe vya kahawa na kwa mama wauza samaki. Mgeni rasmi hatukuweka, kwa sababu akichelewa watu wanachoka na akija anageuka yeye kuwa maonyesho. Tulifungua saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, mnada umekwisha na watu wamerudi kutoka kazini. Kahawa na kashata vilikuwepo. Watu walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nasi tukatandika mikeka, basi wengine wakakaa kabisa wakazungumzia picha moja baada ya nyingine.

Mzee mmoja mvuvi alisimama mbele ya picha ya ngalawa, akamwita mchoraji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Chombo hiki kitapinduka. Rengu la huku umeliinua mno, na upepo wako unatoka wapi?"

Kijana akachukua kalamu na karatasi, mzee akamchorea mwenyewe jinsi rengu, ule mti wa ubavuni unaozuia ngalawa isipinduke, linavyolala majini na tanga linavyojaa. Picha ilisahihishwa. Kesho yake mzee alirudi na manahodha wenzake kuikagua, nao wakakagua kila chombo kilichokuwa ukutani. Sijawahi kusikia uhakiki makini zaidi ya ule, na wachoraji waliuandika.

Vipande vidogo vya Sh 15,000 vilinunuliwa na walimu, wauza duka, na bibi mmoja aliyelipa kidogo kidogo hadi akamaliza. Picha kubwa ya mnada ilichukuliwa na wenye mashua waliochangishana. Asilimia 20 ilibaki chumbani kwa umeme na mlinzi, kama tulivyoandikiana mapema, na fedha nyingine tuliwakabidhi wachoraji jioni ileile ya kufunga, kila mmoja akitia sahihi daftarini mbele ya wenzake. Wasusi wa mikeka wameshaomba ukuta wao kwenye maonyesho yajayo. Tumewapa ule wa kwanza.