Hornet kwenye makoro ya Goma: giaboksi imefungwa

Giaboksi imefungwa, na siifungui tena mpaka gari likimbie. Kwa asiyeijua, Hornet ni gari la rimoti la Tamiya, ukubwa wa 1/10, lililotoka mwaka 1984, kisha kiwanda kikalirudisha sokoni 2004. Langu ni la toleo hilo la pili, lakini bado lina swichi ya mwendo ya kizamani inayosukumwa na sevo, yaani kimota kidogo kinachofuata rimoti.

Adui yangu ni vumbi. Huku Majengo, mtaa wa Goma, tunakanyaga makoro, yale mawe ya volkano, na yakisagwa na magari yanakuwa vumbi jeusi linalokwaruza kama msasa. Seti inakuja na bushi za plastiki. Kwenye saruji zingetosha; hapa punje zikiingia tu bushi inalika, ekseli inaanza kucheza, na meno ya difrensha yanafuata. Nimezitoa zote, nikaweka beringi za tundu la milimita 5, nje milimita 11, zenye raba pande zote mbili. Shemeji alinibebea kutoka Kampala, amezifungia ndani ya soksi. Grisi nimepaka kwenye meno tu, tena kidogo, maana ikivuja nje inakusanya vumbi lote la mtaa.

Skrubu zake zinajikatia njia zenyewe ndani ya plastiki. Ukiirudisha iliyokwisha kufungwa, izungushe kwanza kinyume, polepole, mpaka uisikie ikidondoka “tik” kwenye njia yake ya zamani. Hapo ndipo ukaze. Ukilazimisha inachimba njia mpya, na baada ya hapo haishiki tena. Vichwa ni vya msalaba wa Kijapani, kwa hiyo bisibisi nyingi zinazouzwa Birere, hapa mjini, zinateleza na kuvila.

Bodi ni polikaboneti angavu, rangi inapigwa kwa ndani. Nimeshaiosha kwa sabuni ya vyombo. Makopo ya rangi ya magari yamejaa mjini, na bei si mbaya, ila rangi hiyo ikikauka inakuwa ngumu wakati bodi inajikunja. Likigonga jiwe mara moja, inabanduka. Nasubiri rangi yake yenyewe. Nyeusi, kama kwenye boksi.

Dereva nimemaliza. Ni kichwa na kifua tu, jambo lililomsumbua sana mtoto wa jirani.

“Papa, huyu iko na miguu?”

“Hana.”

“Sasa atakanyaga mafuta na nini?”

Wenzangu wananiambia nitupe ile swichi ya mwendo, niweke ya elektroniki. Kweli, kwenye mwendo mdogo umeme unapotea kama joto kwenye rezista yake, kile kipande kinachozuia umeme, na betri ni seli 6 tu za volti 1.2. Lakini nikiitoa nitabaki na gari la kisasa lenye sura ya zamani. Inabaki. Rezista nimeiacha wazi ipigwe na upepo, mbali na nyaya.

Kimebaki kuchaji, umeme ukitulia, na kupanga springi za nyuma. Mota, giaboksi na ekseli vinapanda na kushuka pamoja kama kitu kimoja, ndiyo maana Hornet hurukaruka hata kwenye njia nzuri. Kwenye makoro ya mlipuko wa Nyiragongo wa 2002, sijui kama litagusa chini.