Nilivyojifunza sanaa ya intaneti kwa kuchungulia msimbo

Nilipoanza kusoma historia ya sanaa ya intaneti nilijua itanimalizia bando. Kumbe kazi za miaka ya tisini ni nyepesi mno: maandishi, picha ndogo ndogo, basi. Mwongozo wangu ulikuwa Net Art Anthology ya Rhizome, taasisi ya New York iliyokusanya kazi 100 na kueleza kila moja ilifanyikaje. Mia ni nyingi. Zilizonifundisha kutengeneza ni mbili.

Ya kwanza ni My Boyfriend Came Back from the War ya Olia Lialina, Mrusi, ya mwaka 1996. Mwanamke anazungumza na mpenzi wake aliyerudi kutoka vitani. Ukibonyeza sentensi, kisanduku chake kinagawanyika, kisha kinagawanyika tena, na mazungumzo yanazidi kubanwa mpaka vinabaki visanduku vyeusi vitupu. Nilibonyeza Ctrl+U, inayoonyesha msimbo wa ukurasa, yaani maandishi ya HTML yanayouunda, nione undani wake. Hakuna maajabu: kila linki inafungua faili jipya ndani ya fremu ileile, na faili hilo nalo limeshagawanywa kwa <frameset>, lebo inayokata ukurasa kuwa visanduku, yaani fremu. Huzuni yote ile imebebwa na lebo moja ya HTML!

Ya pili ni wwwwwwwww.jodi.org ya mwaka 1995, ya JODI, yaani Joan Heemskerk na Dirk Paesmans. Ukiifungua unakuta mkorogo wa alama za kijani kwenye weusi, utadhani kompyuta imeingiwa na virusi. Fungua msimbo wake: kuna mchoro wa bomu. Nilitaka kuelewa kwa mikono, nikachora ngalawa kwenye Notepad, mlingoti kwa alama za |, tanga kwa nukta, nikahifadhi kama .html. Kwenye kivinjari ngalawa ilisambaratika, kwa sababu HTML haijali mistari mipya, na nafasi tupu hata ziwe ishirini huzihesabu moja. Nikaizungushia <pre>, lebo inayoacha mistari na nafasi zilivyo, ngalawa ikarudi nzima. JODI hawakuiweka lebo hiyo, ndiyo maana bomu lao linaonekana mkorogo. Ukisoma tu maelezo ya wahakiki hutaliona hilo vizuri. Fungua msimbo mwenyewe.

Nikaingia kwenye kazi yangu mwenyewe. Niliiita Unanisikia?, simu kati ya mama aliyeko Tanga na binti aliyeko Muscat, mtandao ukikatakata. Kushoto mama, kulia binti. Binti anasema "Shikamoo mama", ukibonyeza upande wa mama unapata "Hallo?", basi binti anaamkia upya. "Marahaba mwanangu" inakuja baadaye sana, kwenye kisanduku chembamba, wakati binti ameshahamia habari za hela aliyotuma.

Msimbo haukunisumbua. Kilichonitoa jasho ni matawi: kila jibu ni faili, kila faili linazaa mengine, kwa hiyo nilichora mti mzima kwenye karatasi na kuandika majina, mama1.html, binti1a.html, kabla ya kugusa kompyuta. Kazi yote niliifanya kwenye folda bila bando, maana kivinjari hufungua faili za HTML hata ukiwa nje ya mtandao. <frameset> imeshaondolewa kwenye kanuni za HTML5, ila vivinjari bado vinaikubali. Kwenye simu maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi. Mstari mmoja wa meta viewport, unaoiambia simu ukurasa uwe na upana gani, kwenye ukurasa wa juu kabisa ulitosha. Halafu nikaipandisha Neocities, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, bure.

Mama yangu aliijaribu kwenye simu yake. Alibonyeza "Hallo?" mara kadhaa, akaniuliza, "Sasa huyu mtoto hela katuma au hakutuma?" Nimeongeza tawi la hela.

Sasa nimehamia kazi za Flash, teknolojia ya zamani ya uhuishaji na michezo ya mtandaoni, ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia mwishoni mwa 2020. Nyingi zinafunguka kwa Ruffle, programu inayoiga Flash ndani ya kivinjari. Ubaya wake, msimbo wa Flash huwezi kuuchungulia kwa Ctrl+U.